Nafasi ya Ndolo

Mimi sipendi kusifiwa, na msinicheke. Najua mzee anayesema hataki sifa mara nyingi anaomba aongezewe. Lakini mimi nina sababu yangu, na nimeishi nayo miaka thelathini na tisa kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni. Unakula, unacheka, unaoa, unasomesha watoto, na mwiba uko palepale.

Naitwa Ndolo. Nilikuwa karani wa kampuni moja ya bima mjini mpaka nilipostaafu mwaka jana, na ninakaa mtaa wa Lucky Summer na mke wangu Wanza. Kabla ya hayo nilikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Ufundi cha Ng'ambo, kile kilicho kule chini kuelekea mtoni, na mwaka wa 1986 nilikuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi liitwalo Kipenga. Muulize mwanafunzi yeyote wa Ng'ambo, hata aliyeingia juzi na begi bado lina vumbi la kwao, atakwambia Ndolo ni nani. Hajaniona hata siku moja, lakini atakwambia.

Kuna desturi pale. Kila Juni, Kipenga hutoka na nafasi tupu ukurasa wa kwanza, chini upande wa kulia. Nyeupe pe, hata nukta hakuna. Inaitwa Nafasi ya Ndolo. Mhariri mpya akikabidhiwa funguo za ofisi, kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni pale pa kuacha wazi. Siku hizi gazeti linasomwa kwenye simu, na kila mwaka hakosi mgeni wa kulalamika kwamba ukurasa wake haujafunguka wote, bando limeisha. Wenzake wanamcheka, kisha wanamsimulia. Wanamwambia kwamba zamani wakubwa wa chuo walipiga marufuku makala ya kweli, na mhariri Ndolo, badala ya kupachika habari za mpira mahali pake, akaacha pakiwa peupe ili kila mwenye macho aone kwamba kuna neno limeibwa. Nimealikwa ukumbini mara nne kupigiwa makofi. Mara ya mwisho walinipa kiti cha mbele na chupa mbili za maji, na mimi, bila haya, nikawaongezea chumvi kwenye hadithi.

Haya, sikilizeni. Hapakuwa na shujaa. Makala ile niliipeleka kwa wakubwa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na aliyeiandika akafukuzwa chuo.

Ningekufa nayo, nasema kweli. Lakini Jumatatu moja mwezi wa sita alikuja msichana nyumbani, Kawsar binti Abdiqani, mhariri wa sasa. Anasomea umeme mwaka wa pili, baba yake anauza vitambaa kwa jumla Eastleigh, na anaongea haraka kuliko umeme wenyewe. Alikuwa na kompyuta yake mgongoni na boksi la magazeti ya zamani kwapani. Kipenga lilikuwa linatimiza miaka hamsini, na walikuwa wanatengeneza toleo maalumu la karatasi, la kushikwa mkononi, lenye maisha ya chuo tangu mwanzo.

"Mzee Ndolo, nisaidie kutambua sura," akasema. "Picha zingine hata haijulikani ni mtu ama ni wino umemwagika."

Tukatandaza magazeti mezani. Wanza akatuletea chai na mihogo ya kukaanga, akakaa nasi, na kusema kweli tulicheka. Toleo la kwanza kabisa, la 1975, lilikuwa na barua ya mwalimu wa ujenzi akiwasihi vijana wasipande ngazi wakiwa wamevaa raizoni, vile viatu vya soli nene kama tofali, kwa kuwa wawili walikuwa wameshaanguka. Mwaka wa 1979 kulikuwa na mjadala wa kurasa tatu kuhusu kama msichana anaweza kuchomelea vyuma. Msichana wa kwanza kuingia karakana hiyo, mmoja aitwaye Kasiva, aliwajibu kwa sentensi moja: leteni midomo yenu niwaonyeshe. Miaka ya tisini ilikuwa njaa na mawe tu. Chai imeondolewa maziwa, mkate umekatwa nusu, chuo kimefungwa, chuo kimefunguliwa, chuo kimefungwa tena. Mwaka wa 2003 kijana mmoja alimwandikia barua ya wazi mwizi wa simu yake. Simu yenyewe amemsamehe, ila arudishe kadi, kwa kuwa namba za wasichana wote wa bweni la Tana zimo humo. Na mwaka wa korona kulikuwa na picha ya kijana wa mtaa wa Umoja aliyehudhuria masomo wiki nne akiwa juu ya tangi la maji, eti ndiko mtandao unakoshika.

"Na mtihani aliupita?" Wanza akauliza.

"Alipita, mama. Lakini alichomwa na jua mpaka wakamwita Mkaa."

Halafu Kawsar akatoa lile la 1986, akaliweka mezani kwa mikono miwili kama anaweka mtoto. Mimi nikaacha kucheka. Karatasi ilikuwa imebadilika rangi, hata nafasi yenyewe haikuwa nyeupe tena.

"Hapa ndipo mwili unanisisimka," akasema. "Mzee, hii stori yako iko juu. Nikisoma mambo ya wale wengine nacheka, nikifika hapa najiambia, Kawsar, ungeweza?"

Wanza akanipiga begani. "Mume wangu huyo! Miaka yote hii analishwa keki kwa sababu ya kitu ambacho hakuandika."

Alikuwa ananitania tu, maskini. Nilimeza chai ikiwa moto, ikanichoma mpaka kifuani.

Ndipo Kawsar akanipiga na mawili kwa mpigo. La kwanza, mwaka huu walitaka Nafasi ijazwe. Miaka thelathini na tisa imekaa wazi, inatosha, na anayestahili kuijaza ni mwenye jina. Maneno mia tatu, yafike Alhamisi mchana, maana Ijumaa gazeti liko kwa mchapishaji.

"Na la pili," akasema huku akitabasamu meno yote nje, "nimempata Nzivo."

Nikamwuliza Nzivo yupi. Ala! Kana kwamba duniani kuna mwingine.

"Mwandishi wa makala! Yuko Kiamaiko, ananoa visu vya machinjioni. Nimeongea naye. Amekubali kuja Jumamosi kwenye sherehe ya miaka hamsini, kusimama na wewe jukwaani. Unajua alisema nini? Alisema, 'Huyo Ndolo ndiye mtu pekee aliyenisimamia.'"

Sikuweza kumtazama. Nilijifanya natafuta miwani, na miwani nilikuwa nimeivaa.

Sasa niwaeleze ilivyokuwa, na sitajipaka mafuta.

Mwaka huo, katika karakana ya useremala, mwanafunzi aitwaye Yonis alikatwa vidole vitatu na msumeno wa mashine. Msumeno ule ulikuwa na kinga ya chuma ya kufunika meno, lakini kinga ilikuwa imevunjika tangu mihula miwili nyuma na hakuna aliyejishughulisha kuirudisha. Uongozi ukabandika tangazo kwamba Yonis alikuwa akifanya mzaha kazini. Kijana wa watu hospitalini, mkono umefungwa kama furushi, na tangazo linasema alikuwa akifanya mzaha! Nzivo, ambaye alikuwa akisomea ufundi wa mitambo na alikuwa mwandishi wetu hodari kuliko wote, akaandika makala. Haikuwa na matusi hata moja. Ilikuwa na tarehe tu, tarehe za kila mara wanafunzi walipoomba kinga irudishwe, na jina la aliyeombwa. Ndiyo maana ilikuwa kali.

Enzi zile gazeti lilitengenezwa kwa stensili. Hiyo ni karatasi laini yenye nta, unaipiga taipu bila utepe, herufi zinaitoboa, kisha unaivingirisha kwenye mashine ya kurudufu na kuzungusha mpini. Wino unapita kwenye matundu, gazeti linatoka. Stensili tulipewa moja moja na ofisi ya mkuu wa wanafunzi, kwa kusaini, na ukiharibu huna nyingine. Mpiga taipu wetu alikuwa Kimani, kijana mpole wa mtaa wa Huruma, mwenye vidole vyepesi, rafiki wa Nzivo wa kufa na kuzikana. Chumba kimoja, sahani moja, hata suruali ya kuendea mjini ilikuwa moja, wakipeana zamu. Kwa hiyo walioisoma makala ile kabla haijatoka ni watu watatu tu. Nzivo aliyeiandika, Kimani aliyeipiga taipu, na mimi.

Mkuu wa wanafunzi alikuwa Bwana Ndete, marehemu sasa. Yeye alikuwa ameniahidi barua ya kunipeleka kwenye ile kampuni ya bima. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago, amekaa chini kwenye mbao Shauri Moyo tangu ujana wake, magoti yote yamekwisha, na neno lake lilikuwa moja: wewe utakaa kwenye kiti chenye mgongo. Nilimpenda sana baba yangu. Lakini msidhani namsukumia yeye mzigo. Baba hakujua kitu.

Na hakuna aliyeniita. Hilo ndilo linaloniumiza. Ndete hakunishuku, hakunitisha, hakuniuliza. Alhamisi baada ya chakula cha mchana nilitoka ofisini kwetu na makala ndani ya shati, nikavuka uwanja wa mpira kwa miguu yangu miwili, nikabisha mlango. Nikamwambia, "Bwana, nimeona ni vizuri uione kwanza." Niliogopa tu. Niliwaza ikitoka, mhariri ni mimi, barua yangu imekwenda na maji. Akaisoma amesimama. Akaniambia nimefanya kama mtu mzima. Akasema isitoke, nirudi kazini, nisimwambie mtu.

Tatizo likawa stensili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeshapigwa taipu wote, na kuomba stensili nyingine kungeleta maswali kwa Kimani. Nikachukua karatasi ya kufungia mkate, ile ya nta, nikaikata kipande, nikakipachika nyuma ya stensili pale penye makala ili wino usipite. Basi. Ijumaa asubuhi nakala mia nne zikatoka na shimo jeupe. Nilidhani watu watasema mashine imeharibika.

Lo, nilikuwa siwajui wanafunzi. Kufikia saa nne Nzivo alikuwa ameitwa ofisini na kupewa barua ya kufukuzwa. Kufikia saa sita kila mtu alikuwa ameunganisha mambo kivyake: Nzivo amefukuzwa kwa makala, na hii hapa nafasi ya makala, mhariri amekataa kuijaza! Wakaitisha kamukunji, mkutano wa wanafunzi wote, pale nje ya bwalo. Wakanibeba juu juu. Ndolo! Ndolo! Ningeweza kusema, jamani, nishusheni. Sikusema. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na kabla ya siku hiyo hakuna aliyewahi kulitaja jina langu mara mbili.

Nzivo nilimkuta langoni na sanduku lake la bati. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kimani ndiye amepeleka," akasema, macho mekundu. "Nani mwingine? Wewe umeacha nafasi wazi, umehatarisha shingo yako. Ni Kimani, sivyo?"

Nikatazama chini. Nikasema, "Binadamu, bwana. Huwezi kumjua mtu."

Sikusema ndiyo. Miaka thelathini na tisa nimekuwa nikijitetea kwa hilo, kwamba sikusema ndiyo. Hebu niambieni, mnauona huo utetezi? Kimani alimaliza masomo hana rafiki, wanafunzi wakimwita Redio, kwa sababu eti hupeleka habari. Mimi nikapata barua yangu na kiti chenye mgongo. Nilijiambia wale wawili watapatana, vijana hukasirika na kusahau, na kila mwaka uliopita nilizidi kuamini hivyo kwa sababu ilinifaa.

Jumanne nilikaa na kalamu kutwa nzima. Niliandika juu ya uhuru wa wanafunzi, juu ya ujasiri, maneno matamu kweli, nikayahesabu yakafika mia mbili na themanini. Nikamsomea Wanza. Akasema ni mazuri. Kisha akaniuliza mbona nasoma kama mtu anayesoma hotuba ya mazishi ya jirani asiyempenda. Huyo mwanamke ana macho. Nikayachana.

Nilikuwa naweza kuwadanganya wanafunzi, hao walikuwa hawajazaliwa. Lakini kusimama na Nzivo jukwaani, anishike mkono mbele ya watu, aseme nilimsimamia, na mimi nitabasamu? Hapo nilishindwa. Sikushindwa kwa wema, msinipe hata hiyo. Nilishindwa kwa sababu aibu nayo huwa na kipimo chake, na changu kilikuwa kimejaa. Jumatano asubuhi nilimwambia Wanza naenda kunoa kisu cha jikoni, nikashuka Kiamaiko.

Asubuhi Kiamaiko ni mbuzi na kelele. Mbuzi wanashushwa, mbuzi wanapimwa kwa jicho, watu wamevaa makoti meupe yasiyo meupe tena, na huku mtu anakusukuma na toroli la vichwa akikuambia utoe mguu. Niliuliza kwa Nzivo mnoa visu, kijana akanielekeza kwa kidevu. Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati, amevaa miwani ya kazini, cheche zinamruka mbele. Alikuwa amezeeka, lakini mabega ni yaleyale. Jiwe lake la kunolea lilikuwa linazunguka ndani ya kinga aliyoiunda mwenyewe kwa chuma cha jiko kuukuu.

Akazima mashine. Akavua miwani. Akanitambua kabla sijasema.

"Ndolo! Wee! Huyu ni Ndolo kweli?"

Akanikumbatia, pua yangu ikajaa harufu ya chuma na mafuta ya mbuzi. Akanisalimia kwa Kikamba, akauliza hali ya mama watoto, akamwita mwenye chai alete vikombe viwili, akamwambia jirani yake, Mzee Burale muuza ngozi, "Njoo umwone mtu niliyekuambia! Huyu hapa!" Burale akaja akanipa mkono, akaniambia wanaume kama mimi wameisha mjini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kikombe changu.

Burale alipoondoka nikasema, "Nzivo, kaa chini."

"Nini, bwana? Jumamosi imeahirishwa?"

"Makala yako niliipeleka kwa Ndete mimi."

Akacheka kidogo, akingoja mwisho wa mzaha. Nikamweleza yote bila kupumua, Alhamisi, shati, uwanja wa mpira, karatasi ya mkate, barua ya bima. Nikamweleza na pale langoni. Alikuwa na kitambaa cha kufutia visu mkononi, akaanza kukikunja, akakikunja tena, mpaka hakikukunjika. Nilikuwa nimejitayarisha kupigwa. Kusema kweli nilikuwa natamani anipige, ingenipunguzia.

Alipofungua mdomo hakuuliza habari zake mwenyewe. Hakutaja cheti alichokosa, wala miaka aliyokaa kwenye kibanda hiki.

"Kimani," akasema. Basi, jina hilo tu.

Nikamwuliza walikuja wakapatana lini. Mniwie radhi, nilimwuliza hivyo kweli.

"Tukapatana?" Akanitazama kama mtu aliyezungumziwa kwa lugha ngeni. "Ndolo, wiki ileile Kimani alinikuta pale Muthurwa. Alikuja mwenyewe, anakimbia, amenitafuta siku tatu. Akaniambia, 'Ndugu yangu, si mimi, ni Ndolo. Tulioisoma tulikuwa watatu, na mimi siye.' Nikamzaba kofi mbele za watu. Unajua kwa nini nilimzaba? Kwa sababu alikutaja wewe. Nilimwambia, umeniuza, na sasa unamchafua mtu aliyenisimamia."

Nikaweka kikombe chini.

"Alipotaka kuoa, aliniletea kadi ya harusi. Niliichana mbele yake. Alipopata mtoto wa kwanza alimpa jina Nzivo. Mkikuyu, Ndolo! Anampa mtoto jina la Kikamba, na watu wa kwao wanamshangaa! Nikasema hiyo ni dhamiri inamtafuna. Miaka sita iliyopita alilazwa, figo. Mke wake, Maurine, alinipigia simu mara tatu. Njoo umwone, anakutaja. Ile ya tatu nilimwambia..." Akasimama. Akajipangusa uso kwa kile kitambaa, kikamwachia alama nyeusi shavuni. "Nilimwambia, mwambie msaliti afe na usaliti wake. Hivyo hivyo. Mwanamke aliye na mgonjwa. Na mazishini sikuenda, na nyumbani kwake ni Huruma hapo, ni mwendo wa kutembea."

Nililia. Mzee mzima, katikati ya Kiamaiko, mbuzi wakinitazama. Nikasema nisamehe, nikasema tena na tena, mpaka akaniinulia mkono.

"Nyamaza. Hiyo nisamehe yako siitaki saa hii. Kwa gazeti utaandika, hilo halina mjadala, na uandike yote."

Nikamwahidi. Na niliandika, na Kawsar alichapisha bila kupunguza neno, ingawa alipomaliza kusoma hakuniita Mzee Ndolo tena, alisema tu, "Imefika." Lakini hayo yalikuja baadaye.

"Gazeti ni la wanafunzi," Nzivo akaendelea. "Maurine hasomi Kipenga."

Akatoa simu mfukoni, ndogo, ya vibonye, imefungwa kwa mpira. Akabonyeza na kubonyeza, akanionyesha kioo. Namba aliihifadhi kwa jina la *Usipokee*. Akaipiga. Ikaita muda mrefu.

"Mama Nzivo," akasema ilipopokewa. Ndiyo, ndivyo alivyomwita, jina la mtoto, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Ni mimi, Nzivo wa Kiamaiko. Usikate. Tafadhali usikate. Mimi zamu yangu ya kusema itafika, nitakuja kwako kwa magoti. Lakini kuna mtu hapa ana neno la kwanza."

Akanisukumia simu. Nikaikamata kama mtu anayeshikishwa kaa la moto.

"Mama," nikasema, "hunijui. Naitwa Ndolo. Nilisoma na marehemu Ng'ambo."

Nilisikia kwa mbali sufuria ikiwekwa chini.

"Nakujua," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Umekuja kusema?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi niliyepeleka ile makala. Kimani hakufanya kitu. Nilijua anasingiziwa tangu siku ya kwanza, nikanyamaza."

"Hospitalini," akasema polepole, "kila mlango wa wodi ulipofunguliwa alikuwa akiinua kichwa. Siku kumi na moja. Mimi nilidhani anamngoja Nzivo, ndiyo maana nilikuwa nampigia Nzivo simu. Siku ya mwisho nikamwambia, baba, huyo rafiki yako amekataa, pumzika. Akaniambia, 'Nzivo hana kosa, alidanganywa. Mimi namngoja Ndolo. Ndolo si mtu mbaya, ni mwoga tu. Atakuja kusema.'"

Nikasema, "Nimekuja, mama."

"Naona umekuja," akasema Maurine. "Sasa nikamwambie nani?"